Ushahidi unao, lakini je, mahakama itaupokea?

Watu wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Temeke huanza na maneno yale yale: "Ushahidi wote ninao." Wanatoa simu, bahasha ya kaki iliyojaa makaratasi, picha za kiwanja, na majina ya majirani wanaoujua ukweli. Mara nyingi ukisikiliza unaona kabisa kwamba haki ni yao. Ila mahakama huuliza maswali mawili tofauti, na huyauliza kwa mpangilio. Kwanza: kitu hiki kinapokelewa? Kikishapokelewa ndipo linakuja la pili: kina uzito gani? Wengi hujiandaa kwa swali la pili, wakakwama kwenye la kwanza.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Ninawaelewesha watu, ninawasaidia kupanga nyaraka zao, na siku ya kesi ninakaa kwenye mabenchi ya nyuma kusikiliza kama mwananchi mwingine yeyote. Ninayoyaandika hapa ni yale ninayotamani mtu ayajue kabla mgogoro haujaanza, maana ukishafika mbele ya hakimu mengi huwa hayarekebishiki tena.

Msingi wetu hapa Tanzania ni Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, iliyotungwa mwaka 1967 na kuchukua mengi kutoka sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872. Jambo la kwanza inalotaka ni uhusiano: unachotaka kusema kinagusa kile kinachobishaniwa? Umemshitaki mpangaji kwa kodi ya miezi sita, halafu unamweleza hakimu kwamba mpangaji huyo ni mlevi na anagombana na mkewe usiku. Inawezekana ni kweli, na mtaa mzima unajua. Haithibitishi deni. Hakimu atakurudisha kwenye madai yako, na akikurudisha mara kadhaa wewe mwenyewe utapoteza mtiririko.

Sasa tuje kwa mashahidi, maana hapa ndipo watu wa Dar tunapoumia kila siku. Sheria inataka shahidi aeleze alichokiona kwa macho yake, alichokisikia kwa masikio yake, au alichokigusa mwenyewe. Tunapenda kuleta mtu mzima anayeheshimika mtaani, tukidhani heshima yake itabeba kesi. Namkumbuka mzee mmoja katika shauri la kiwanja cha Chanika. Alisimama vizuri, akaapa, sauti imetulia. Akaulizwa ulipo mpaka. Akajibu, "Niliambiwa na shemeji yangu kwamba mpaka ni ule mnazi." Wakili wa upande wa pili akasimama hapo hapo: Mheshimiwa, hayo ni ya kuambiwa. Shemeji mwenyewe alikuwa hai, mzima, anaishi Gongo la Mboto, na hakuna aliyefikiria kumwita. Kama yeye ndiye aliyekuwepo mnazi ulipowekwa kuwa alama, yeye ndiye shahidi. Mzee alibaki kizimbani hana kingine cha kusema.

Sababu ya kukataza ushahidi wa kuambiwa si ukali wa bure. Mtu asiyekuwepo mahakamani hawezi kuulizwa maswali ya dodoso, yaani yale ya upande wa pili ya kuyapima maneno yake, na bila dodoso upande wa pili hauna njia ya kuonyesha kwamba aliona vibaya, alisahau, au alidanganya. Ndiyo maana sheria imeweka vipenyo vichache tu, kwa mfano baadhi ya kauli za mtu ambaye amefariki au hawezi kupatikana, tena katika mazingira iliyoyataja yenyewe.

Lipo jambo moja linalowaokoa wengi na halijulikani. Kama shahidi wako alimsikia mdaiwa mwenyewe akisema, "Kweli nadaiwa, nipe mpaka mwisho wa mwezi," hayo huwezi kuyaweka fungu moja na maneno ya mtaani. Ni mdaiwa kukiri, na kukiri kwa mhusika wa kesi kunapokelewa. Kwa hiyo ukienda kudai, nenda na mtu. Asiongee, asikilize tu, akumbuke siku na mahali.

Kwenye nyaraka, mahakama inataka nakala halisi. Kopi inapokelewa kwa sababu maalumu: halisi imepotea au imeharibika, iko mikononi mwa mpinzani wako naye umempa notisi ya maandishi ailete akakataa, au ni hati ya umma ambayo umepata nakala iliyothibitishwa na ofisi husika. Kama imepotea, uwe na taarifa ya upotevu ya polisi, tena ya tangu ulipogundua. Ile iliyochukuliwa asubuhi ya siku ya kesi itakuletea maswali.

Hapa niseme jambo ambalo naliona linawaumiza hata watu waliosoma. Kuambatanisha karatasi kwenye hati ya madai hakuifanyi kuwa ushahidi. Mtu anasema, "Lakini mkataba upo kwenye faili!" Upo ndiyo, kama kiambatisho. Ili uwe kielelezo, lazima shahidi asimame, aeleze anaufahamu vipi, aombe upokelewe, upande wa pili uulizwe kama una pingamizi, na hakimu atamke kwamba umepokelewa. Kisha hati hugongwa au kuandikwa namba ya shauri, jina la aliyeitoa, tarehe, na saini ya hakimu. Mahakama ya Rufani ililisisitiza hili katika kesi ya Japan International Cooperation Agency dhidi ya Khaki Complex Limited: nyaraka zisizopita njia hiyo si sehemu ya kumbukumbu za kesi. Na anayetoa kielelezo ni shahidi. Wakili hawezi kukitoa kwa niaba yake kutoka pale alipokaa, kwa sababu wakili hajaapa na hawezi kudodoswa.

Kwa hiyo swali la nani atoe hati ni zito kuliko linavyoonekana. Si lazima awe aliyeiandika. Anaweza kuwa aliyeitunza, aliyeipokea, au aliyewahi kuimiliki na anaweza kuieleza. Binti aliyeokota mkataba wa marehemu baba kabatini anaweza kusema aliukuta wapi, ila hawezi kusema ulisainiwa vipi. Hapo unamhitaji yule aliyeshuhudia kwa kuweka saini, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa wakati huo aliyegonga muhuri. Muhuri peke yake hauongei.

Kuna na suala la ushuru wa stempu. Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, inasema hati inayopaswa kulipiwa ushuru huo na haijalipiwa haipokelewi kama ushahidi kwenye shauri la madai. Hati ya kuuziana ardhi ni mojawapo, mkataba wa pango pia. Nusu ya watu wanaonunua viwanja vya pembezoni wanaandikishana kwenye karatasi, wanapiga picha ya pamoja, basi. Mgogoro ukizuka miaka kadhaa baadaye, pingamizi la kwanza ni stempu. Bahati nzuri hati haifi moja kwa moja: sheria inaruhusu ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake, ndipo ipokelewe. Lakini kwa nini usubiri? Ushuru ni asilimia 1 ya thamani ya mauziano, unalipwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na muda wake ni siku 30 tangu kusaini. Lipa na ufunge ukurasa huo.

Sasa simu. Hili nitalikalia, kwa sababu siku hizi biashara yote ya Kariakoo inapita WhatsApp: oda, bei, picha ya mzigo, ahadi ya malipo. Zamani mahakama zilikuwa na mashaka hata na taarifa za benki zilizotoka kwenye kompyuta. Ni Jaji Nsekela, katika Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara hapa hapa Dar es Salaam, kwenye kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, namba 4 ya mwaka 2000, aliyekubali kwamba sheria lazima iende na mabadiliko hayo. Marekebisho ya mwaka 2007 kwenye Sheria ya Ushahidi yakapanua mlango kidogo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaufungua: ushahidi hauwezi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Neno "tu" hapo lina kazi. Mahakama bado itapima: ujumbe ulitengenezwa, ukatunzwa na kutumwa kwa njia ya kuaminika? Haujaguswa? Aliyeutuma anatambulikaje?

Mama mmoja anayeuza vitenge kwa jumla aliniletea skrinishoti alizochapisha steshenari ya mtaani. Mazungumzo yako wazi kabisa, mteja anakiri deni na kuomba muda. Juu ya kila ukurasa pameandikwa "Mama Asha Kkoo." Namba haionekani popote. Nikamuuliza, mama, hakimu atajuaje Mama Asha huyu ndiye unayemdai? Jina hilo umelisevu wewe, na simu inakubali jina lolote. Tena alikuwa amekata sehemu alizoona hazina maana, mazungumzo yanaruka kutoka Jumanne hadi Ijumaa, na mpinzani yeyote makini angeuliza kuna nini kwenye hizo siku zilizokosekana.

Tulianza upya. Tukafungua maelezo ya mteja kwenye simu ili namba yenyewe ionekane. Tukachapisha mazungumzo yote, pamoja na yale yasiyompendeza. Kisha tukatafuta malipo ya awali ambayo mteja aliwahi kupokea au kutuma kwa simu, kwa sababu ujumbe wa muamala huonyesha namba na jina lililosajiliwa, na hapo ndipo Mama Asha anapopata jina lake kamili. Mwisho ikaandikwa hati ya kiapo: simu ni ya nani, aina gani, nani anaitumia, meseji zilitolewaje, nani alichapisha na kwa mashine ipi, na kwamba vifaa vilikuwa vikifanya kazi sawasawa. Nilimsisitiza pia asiiuze wala kuibadilisha simu ile hadi kesi iishe, na asiwape watoto wacheze nayo. Meseji zikibishaniwa, mahakama inaweza kutaka kuiona.

Ukiwa Mahakama ya Mwanzo, ujue kwamba Sheria ya Ushahidi yenyewe haitumiki pale. Zina kanuni zao za ushahidi za tangu mwaka 1964, fupi na nyepesi zaidi. Lakini usiende ukidhani kila kitu kitapita. Mashahidi walioona na hati halisi bado ndivyo vinavyokubeba, hasa shauri likipanda kwa rufaa.

Kuhusu kupinga. Mpinzani wako akitoa hati, hakimu atakugeukia: una pingamizi? Watu wasio na wakili hujibu "sina" kwa adabu au kwa woga, wakidhani watajieleza baadaye. Hayo ni maneno mazito. Kwa kawaida mahakama ya rufaa haitakusikiliza ukilalamikia kielelezo ulichokiachia kipite bila neno. Kama saini si yako, sema pale pale. Kama ni kopi na hujaelezwa halisi iko wapi, sema. Huhitaji kutaja kifungu. Toa sababu kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria. Na hati ikipokelewa licha ya pingamizi lako, usikate tamaa, bado unaweza kumdodosa shahidi na kuupunguza uzito wake.

Kwenye jinai mambo ni mengi na yanastahili makala yake, kwa hiyo nitagusa mawili. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani, yanapaswa kuchukuliwa ndani ya saa 4 tangu mtu akamatwe, isipokuwa muda ukiongezwa kisheria, na lazima yawe ya hiari. Mshitakiwa akisema alipigwa au alilazimishwa, na aseme kabla hayajapokelewa, mahakama husimamisha kesi kuu na kufanya uchunguzi mdogo, na ni upande wa mashtaka unaobeba mzigo wa kuthibitisha hiari. Kama uliumizwa, fomu ya PF3 (ile ya polisi ya kukupeleka hospitali) na cheti cha hospitali vya siku zile vina nguvu kuliko maelezo marefu ya mwaka unaofuata.

La pili ni upekuzi. Polisi wakichukua kitu nyumbani kwako, lazima utoke na risiti au hati ya ukamataji mali, na awepo shahidi huru, mara nyingi mjumbe au jirani. Soma kilichoorodheshwa kabla ya kusaini: idadi, rangi, namba za vifaa. Kila mkono ambao kitu hicho kitapita, kutoka kwa askari aliyekikamata hadi mtunza vielelezo, hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi, unatakiwa kuelezwa mahakamani. Kama mwanao hajui kusoma vizuri, au ameshikwa na hofu, simama naye na umsomee mstari kwa mstari hata askari wakiharakisha.