Historia ya Marekani: anzia 1861, kisha rudi nyuma

Mwanafunzi anayeanza historia ya Marekani chuoni huwa na mtindo mmoja: anafungua daftari, anaandika 1492, halafu anashuka na orodha. Jamestown 1607, chai ya Boston 1773, uhuru 1776, na kuendelea. Kufika katikati ya muhula daftari limejaa vita, lakini ukimuuliza watu hao walipigania nini, anakusomea tarehe tena. Nimefundisha somo hili muda mrefu, na ushauri wangu kwa wanaoingia haujabadilika: shika kwanza vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, 1861 hadi 1865. Vielewe barabara. Kutoka hapo tembea kinyumenyume hadi 1763, kisha uje mbele hadi 1965. Migogoro mingi mikubwa ya nchi ile ama ilikuwa inaelekea huko, ama inatokea huko.

Anza na swali la kwa nini Kusini ilijitenga, maana ndilo utakalobishiwa kuliko yote. Utaambiwa ni haki za majimbo. Utaambiwa ni ushuru wa forodha. Usipoteze nguvu, nenda kasome walichoandika wenyewe. South Carolina ilijitenga Desemba 20, 1860, zaidi ya miezi miwili kabla Rais Abraham Lincoln hajaapishwa, ikatoa na tamko la sababu zake. Mojawapo ya malalamiko yake makuu ni kwamba majimbo ya Kaskazini yalikuwa yanakataa kurudisha watumwa waliotoroka. Hapo tulia kidogo. Sheria ya 1850 ya kuwarudisha watoro ilikuwa ya serikali kuu, na waliokuwa wakiikwepa kwa kutumia sheria za majimbo yao walikuwa watu wa Kaskazini! Mississippi nayo haikuzunguka: ilisema wazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Na Machi 1861 Alexander Stephens, makamu wa rais wa serikali mpya ya Kusini, alisimama Savannah akatangaza kuwa serikali yao imejengwa juu ya imani kwamba mtu mweusi si sawa na mzungu. Ukishasoma hayo matatu, kitabu kinacholaumu ushuru utakisoma kwa jicho jingine.

Sasa rudi nyuma, na hapa weka ramani mezani badala ya jedwali la tarehe. Ugomvi uliozidi kupanda ulihusu ardhi mpya: je, utumwa utaruhusiwa huko au la? Mwaka 1820 Kongresi iliikubali Missouri kama jimbo la utumwa na Maine bila utumwa, ikachora mstari wa nyuzi 36 na dakika 30. Juu ya mstari huo, ukiiacha Missouri yenyewe, utumwa ulipigwa marufuku katika ardhi iliyonunuliwa kwa Wafaransa. Vita na Mexico, 1846 hadi 1848, vikaleta California na eneo kubwa la magharibi, na mabishano yakaanza upya. Mwaka 1854 sheria ya Kansas na Nebraska ikaufuta mstari, watu wakaanza kuuana Kansas. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ikaamua kuwa Kongresi haina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo hayo, na kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Kila suluhu ilikuwa deni, na riba ilikuwa inapanda.

Na hiyo ardhi ilitoka wapi? Wengi hupita Haiti bila kugeuza shingo. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliiuza Louisiana, ndiyo ile ardhi ya Wafaransa, mwaka 1803 kwa dola milioni 15, baada ya jeshi lake kuangamia Haiti kwa mapigano na homa ya manjano. Kwa maneno mengine, watumwa walioasi kisiwani walichangia kuifanya Marekani iwe karibu mara mbili ya ukubwa wake, na sehemu ya ardhi hiyo ikageuzwa mashamba ya watumwa. Kule Georgia, Alabama na Mississippi, wenyeji waliondolewa chini ya sheria ya 1830; Wacherokee walisukumwa magharibi mwaka 1838, maelfu wakafa. Walipotoka, pamba ikapandwa. Hata ukifika 1763 utaikuta ardhi: mfalme wa Uingereza aliwakataza walowezi kuhamia ng'ambo ya milima ya Appalachia, nao hawakumsamehe. Kwa hiyo 1776 si habari ya kodi na chai peke yake.

Nimetaja pamba, usiiachie Kusini peke yake. Viwanda vya Massachusetts viliisokota na kuifuma, na wafanyabiashara wa Salem wakaleta vitambaa hivyo hadi Unguja, wakarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa biashara na Sayyid Said ulitiwa saini 1833. Merikani waliyojifunga babu zetu pwani na bara ilitokana kwa kiasi kikubwa na pamba iliyochumwa na watumwa. Vita vilipoanza, pamba ikaadimika, biashara hiyo ikaporomoka, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Mwanafunzi wa kwetu ana njia yake ya kuingilia somo hili, sijui kwa nini hatuitumii.

Kuhusu vita vyenyewe, usijichoshe kukariri majemadari. Mapigano ya Gettysburg na Vicksburg, Julai 1863, yanatosha kwa kuanzia. Kinachowaangusha wengi kwenye mtihani ni sentensi hii: Lincoln aliwaachia huru watumwa wote mwaka 1863. Tangazo la Januari 1 mwaka huo lilihusu maeneo yaliyokuwa katika uasi. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, majimbo ya utumwa yaliyobaki ndani ya Muungano, yaani upande wa Kaskazini, hayakuguswa. Tena watumwa wenyewe walikuwa wameshaanza. Mei 1861 wanaume watatu walitorokea ngome ya Fort Monroe, Virginia, iliyokuwa mikononi mwa Kaskazini, na jenerali aliyekuwapo akakataa kuwarudisha. Ngome hiyo iko palepale walipoteremshwa Waafrika walioletwa kuuzwa Virginia mwaka 1619. Mwaka 1862 Robert Smalls, mtumwa aliyejua urubani wa meli, aliiondoa meli ya jeshi la Kusini bandarini Charleston usiku, familia yake ikiwa ndani, akaikabidhi kwa Kaskazini; baadaye akawa mbunge. Askari weusi karibu 180,000 walijiunga na jeshi la Muungano. Mwandishi anayesema uhuru "walipewa" amepunguza habari.

Usifunge daftari Aprili 9, 1865, siku Lee, jemadari wa Kusini, aliposalimu amri Appomattox. Miaka kumi na miwili inayofuata ndiyo wanafunzi wanairuka, nami naiona ngumu na muhimu kuliko vita vyenyewe. Marekebisho ya 13 ya Katiba yalifuta utumwa 1865, ya 14 yakaleta uraia na usawa mbele ya sheria 1868, ya 15 yakakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi 1870. Mwaka huohuo Hiram Revels, mtu mweusi kutoka Mississippi, aliingia Seneti. Kisha mauaji na vitisho, na mwaka 1877 askari wa serikali kuu wakaacha kuzilinda serikali za mwisho za majimbo zilizotegemea kura za weusi.

Hapo jiulize: nani alishinda? Jeshi la Kusini lilishindwa, lakini hukumu ya Mahakama Kuu katika kesi ya Plessy, 1896, ilibariki kuwatenga weusi na wazungu hadi mahakama hiyohiyo ilipobadili msimamo katika kesi ya Brown, 1954, iliyohusu shule. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 na ile ya kura ya 1965 zisome ukiwa umefungua marekebisho ya 14 na 15 pembeni, kifungu kwa kifungu. Ile ya 1965 kwa kiasi kikubwa ni utekelezaji wa maneno yaliyokuwa ndani ya Katiba kwa miaka 95.