Udhibiti Ukiondolewa, Mtumiaji Hupata Nini?

Swali: Tunaambiwa kwamba serikali ikiacha kupanga bei, bei zitashuka. Je, ni kweli?

Wakati mwingine ni kweli kabisa. Nchini Marekani, tangu 1938, bodi ya serikali iliyokuja kuitwa Civil Aeronautics Board ndiyo iliyoamua shirika gani la ndege liruke njia ipi na litoze nauli gani. Kwa kuwa mashirika hayakuweza kushindana kwa nauli, yalishindana kwa vyakula na vinywaji, na abiria akalipia mlo mzuri hata kama alichotaka ni kufika tu. Kilichowafumbua watu macho ni safari za ndani ya majimbo ya California na Texas, ambazo bodi hiyo haikuwa na mamlaka juu yake: kwa umbali uleule, nauli zilikuwa chini mno. Sheria ya 1978 iliondoa udhibiti huo, na kwa miaka iliyofuata nauli zikashuka kwa wastani, ukizingatia mfumuko wa bei. Nasema kwa wastani kwa sababu miji midogo ingeachwa bila ndege, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ambayo haijaondolewa hadi leo.

Swali: Basi kwa nini umeme nao usiachwe huria?

Msafiri akiona nauli imepanda, huahirisha safari. Aliye ndani ya nyumba yenye baridi kali hana cha kuahirisha. Februari 2021 baridi ilizima mitambo mingi katika jimbo la Texas, na bei ya jumla ya umeme ikafikia kikomo chake cha dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani dola 9 kwa uniti, ikakaa hapo siku kadhaa. Wenye mikataba ya bei isiyobadilika hawakuguswa mara moja, lakini waliochagua mkataba unaofuata bei ya soko la jumla waliumia. Hita ya kilowati moja na nusu ikiwaka kwa muda wa saa 10 hula uniti 15, ambazo kwa bei hiyo ni dola 135, na hapo hatujahesabu jiko wala taa. Zipo kaya zilizopata bili za maelfu ya dola. Hata hivyo, katika miezi ya kawaida mkataba huohuo ulikuwa nafuu, na unafuu huo ndio uliowavuta.

California ilikosea kwa namna nyingine: iliachia bei ya jumla huku ikibana bei ya rejareja, hata kampuni ya PG&E, iliyokuwa ikinunua ghali na kuuza rahisi, ikafilisika Aprili 2001. Kwa maoni yangu, udhibiti wa nusunusu ni mbaya kuliko udhibiti kamili.

Swali: Je, udhibiti wa bei ukiondoka, usalama nao huachwa?

Si lazima. Bodi iliyopanga nauli za ndege ilivunjwa, lakini mamlaka inayokagua ndege na marubani iliendelea na kazi yake. Anayechanganya mambo haya mawili katika hoja yake, awe anaunga mkono au anapinga, asikilizwe kwa tahadhari.

Swali: Mwanzoni kampuni ziliingia nyingi, sasa zimebaki chache. Tumerudi tulikotoka?

Pengine pabaya zaidi, kwa sababu zamani ukiritimba ulikuwa na msimamizi. Kati ya kampuni za ndege, Braniff ilianguka 1982, Pan Am 1991, na nyingine zikamezwa na wakubwa, hata leo mashirika manne hubeba sehemu kubwa ya abiria wa ndani ya Marekani. Bei ikiachiwa, mamlaka ya ushindani inapaswa kuwa na meno ya kuzuia miungano ya aina hiyo.

Swali: Nimeletewa mkataba wa bei nafuu kwa mwaka wa kwanza. Niangalie nini?

Angalia mwezi wa 13: bei itakuwa ipi, na itafuata kipimo gani. Kisha soma faini ya kuvunja mkataba. Mwisho, uliza ni nani atakayekuhudumia kampuni ikifilisika, na salio lako litakuwa wapi. Uingereza ilipopoteza wauzaji wa nishati zaidi ya 20 mwaka 2021, wateja walihamishiwa kwa wauzaji wengine bila kukatiwa huduma, lakini gharama ya kuwahamisha iligawanywa katika bili za wateja wote, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kuufuata unafuu huo.