Barua kwa mwanangu: kwa nini nakusisitizia uandike

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na namshukuru Mungu kwamba hujambo huko Mwanza. Swali lako nimekaa nalo siku nne kabla ya kushika kalamu. Umeuliza kwa nini, katika Kitabu cha Mormoni, Labani wa Yerusalemu auawe na Nefi, mwana wa nabii Lehi, kwa ajili ya mabamba ya shaba yenye maandiko, na kwa nini mimi nakuhimiza kila mwaka uandike majina ya wazee wetu, ilhali imani hukaa moyoni.

Juu ya kifo cha Labani sina jibu jepesi. Nefi mwenyewe aliandika kwamba alisita, kwa kuwa hakuwa amewahi kumwaga damu ya mtu, nami namheshimu kwa kutoficha hilo. Kumbuka pia kwamba Lamani, kaka yake Nefi, alitangulia kuyaomba mabamba kwa maneno akafukuzwa, kisha ndugu wote wakapeleka dhahabu na fedha ya baba yao, Labani akaipora na kuwatuma watumishi wake wawaue. Mabamba yale yalikuwa na vitabu vitano vya Musa, maneno ya manabii hadi mwanzo wa utawala wa Sedekia, mfalme wa Yuda, na nasaba ya Lehi inayofika kwa Yusufu aliyeuzwa Misri. Roho alimwambia Nefi kwamba ni heri mtu mmoja aangamie kuliko taifa zima kupotea katika kutoamini. Kila nifikapo hapo mimi pia husimama, na sikulaumu kwa kusimama.

Uzito wa maneno hayo niliuona nilipofika kitabu cha Omni, humo humo katika Kitabu cha Mormoni. Watu wa Zarahemla nao walitoka Yerusalemu, wakati Sedekia alipochukuliwa mateka Babeli, ila wao hawakubeba maandishi yoyote. Vizazi vilipopita lugha yao iliharibika na wakamkana Muumba wao, hata Mosia, kiongozi wa Wanefi, yaani uzao wa Nefi, na watu wake walipowakuta hawakuweza kusikilizana nao mpaka walipofundishwa. Baadaye mfalme Benjamini aliwaambia wanawe kwamba hata Lehi asingeweza kuyakumbuka yote na kuyafundisha kama si msaada wa mabamba yale.

Mwanangu, sisi ni watu wa Zarahemla. Babu yangu alitoka Songea kwenda Tanga kukata mkonge, akiwa manamba, na shambani aliitwa kwa namba. Namba hiyo tunaijua hadi leo, kwa sababu iliandikwa kwenye kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, lakini jina la mama yake aliyemzaa hatulijui, kwa sababu hakuna aliyeliandika. Baba yangu alilijua. Nilikaa naye miaka yote ile nisimuulize, nikidhani muda upo, na alipofariki aliondoka nalo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimeshuhudia kwamba hata mama wa watu hupotea hivyo hivyo. Tungependa mtu aliye hai abatizwe kwa niaba yake hekaluni, kama kanisa letu linavyowafanyia waliofariki, na hatuna jina la kupeleka.

Ukipata nafasi soma Nefi ya Tatu, sura ya 23. Mwokozi aliyefufuka anaomba aletewe kumbukumbu za Wanefi, anazitazama, kisha anauliza kwa nini unabii wa Samweli Mlamani, nabii wa uzao wa Lamani, kwamba watakatifu wengi wangefufuka na kuwatokea watu, haukuandikwa jinsi ulivyotimia. Walikuwapo walioukumbuka vizuri, na bado aliagiza uandikwe. Sijui kifungu kingine kinachonigusa kama hicho.

Bibi yako mdogo bado yupo Korogwe, na macho yamepungua ila kumbukumbu anayo. Likizo ya Desemba, ukija nyumbani, pitia kwake kwanza. Nunua daftari gumu, ukae naye siku mbili, umuulize taratibu, na kila jina ulisome kwa sauti ili akusahihishe. Nauli nitakutumia mwisho wa mwezi.

Ni mimi baba yako