Dawa imemfaa wifi, mimi nazidi kunyonyoka nywele

*Maswali ya wasomaji hujibiwa na mfamasia wa jarida hili.*

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 29, mkazi wa Langoni, Lamu, na ninamnyonyesha mtoto wa miezi mitano. Tangu alipotimiza miezi mitatu, nywele zangu hutoka kwa vishungi kila ninapochana, na pembeni mwa paji la uso ngozi imeanza kuonekana. Mama mkwe anasema ni jicho, kwa kuwa nilipokuwa na mimba kila aliyekuja nyumbani alizisifu nywele zangu. Wifi yangu wa Mombasa amenipa chupa yake ya minoksidili ya asilimia 5, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ambayo imemfaa sana baada ya kupungukiwa nywele za utosini kwa miaka mingi. Nimeipaka kwa wiki tatu sasa, na badala ya kupungua, nywele ndiyo kwanza zinatoka zaidi. Je, niendelee au niache?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Iache. Si kwamba dawa ni mbovu, wala wifi yako hakukutakia mabaya, bali nywele zenu hazikupotea kwa sababu moja.

Mama mkwe ameona jambo la kweli, ingawa sababu aliyoitaja siyo ninayoiona mimi. Wakati wa mimba homoni ya estrojeni hupanda sana na kuzizuia nywele katika hatua ya kukua, hata zile ambazo zingekuwa zimeshaanguka kwa kawaida hubaki kichwani, na ndiyo maana watu walizisifu. Baada ya kujifungua homoni hiyo hushuka ghafla, nywele nyingi zikaingia kwa pamoja katika hatua ya kupumzika, nayo huchukua kama miezi mitatu kabla ya unywele kung'oka. Hesabu hiyo inalingana kabisa na ulichokieleza. Mtu asiye na tatizo lolote hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila kutambua. Wewe unalipa kwa mkupuo zile zilizocheleweshwa kwa miezi kadhaa. Mashina yake hayakufa, na kwa wanawake walio wengi hali hurejea yenyewe mtoto anapokaribia kutimiza mwaka. Jitazame kwenye kioo karibu na dirisha, pale pembeni mwa paji: ukiona vinywele vifupi vilivyosimama visivyokubali kulala hata ukivipaka mafuta, hizo ndizo nywele mpya. Unywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo usitarajie kushika shungi la zamani ndani ya wiki chache.

Wifi yako ana jambo jingine. Upungufu unaoanza kwa njia ya nywele kupanuka utosini mwaka hadi mwaka hutokana zaidi na urithi pamoja na homoni za jamii ya androjeni, yaani homoni za kiume ambazo hata wanawake wanazo kidogo, ambazo hufanya mashina ya nywele yasinyae kidogo kidogo na kutoa nywele nyembamba zaidi kila mzunguko. Huo haurudi wenyewe, na kwa ajili yake minoksidili ina maana. Dawa hii ilianza kama vidonge vya shinikizo la damu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1979. Waliovimeza wakaota nywele mahali wasipopataka, na mwaka 1988 ikaidhinishwa huko dawa ya kupaka kwa wanaume wenye upara. Si homoni na haisawazishi homoni yoyote. Kazi yake ni kurefusha muda wa unywele kukua, na katika kufanya hivyo huzisukuma nje zile zilizokuwa zimepumzika, kwa hiyo katika wiki za mwanzo mtumiaji huona nywele zikianguka zaidi. Kwa wifi yako hiyo ilikuwa gharama inayostahili kulipwa. Kwako imekuwa mzigo juu ya mzigo.

Hata ingekuwa inakufaa, maelekezo ya dawa yenyewe yanamkataza mama anayenyonyesha, kwa kuwa kiasi fulani hupenya ngozi na kinaweza kufika kwenye maziwa. Vilevile mtoto anayelazwa begani hugusa kichwa na shingo ya mzazi, na wasimamizi wa dawa wa Umoja wa Ulaya wameshatoa tahadhari kuhusu watoto walioota nywele mwilini baada ya kugusana na ngozi iliyopakwa dawa hii. Nikiwa ninamjibu mtu wa Lamu, mji wa paka wengi, siwezi pia kunyamaza juu ya wanyama hao: minoksidili ni sumu kali kwao, na kiasi kidogo tu alichokilamba kwenye mto au kwenye mikono yako kinaweza kumuua. Kwa hiyo usiimwage chupa hiyo mahali wanapopita, bali mrudishie mwenyewe.

Ninalokuomba ufanye ni kwenda kupimwa damu, hasa ikiwa unachoka kupita kiasi, moyo unakudunda au unasikia baridi wenzako wasiposikia. Tezi ya thairoidi huweza kuvurugika katika mwaka wa kwanza baada ya uzazi, na upungufu wa madini ya chuma ni wa kawaida kwa aliyetokwa na damu nyingi. Yote mawili hunyonyoa nywele na yote mawili yana tiba. Kama umeanza sindano ya uzazi wa mpango, mtajie mhudumu, kwa kuwa kwa baadhi ya wanawake nayo hupunguza nywele. Msusi naye aambiwe alegeze mkono: kusuka kwa kukaza kunavuta zile zile za pembeni ambazo zinajaribu kuota. Kuhusu mafuta, ya nazi husaidia unywele usikatike wakati wa kuosha, na ya mbarika hulainisha, lakini sijaona ushahidi wa kutosha kwamba lolote kati yake huotesha nywele. Yapake kama mafuta, si kama dawa. Piko liache kabisa kwa sasa, ngozi ya kichwa ipumzike.

Ikiwa mtoto atatimiza mwaka na bado njia ya nywele inapanuka utosini, hapo muone daktari wa ngozi, maana mimba wakati mwingine hufunua tatizo la kurithi lililokuwa limejificha.

SWALI: Nina miaka 53, naishi Malindi, na hedhi ilikoma miaka miwili iliyopita. Daktari ameniandikia minoksidili ya asilimia 2, mara mbili kwa siku. Ninatawadha mara tano na kupaka maji kichwani. Je, dawa haitaondoka? Na nikiona imenifaa, ninaweza kuiacha?

JIBU: Kuiacha unaweza, lakini nywele ilizokuletea zitapotea ndani ya miezi mitatu au minne, kwa sababu dawa haiondoi chanzo cha nywele kupungua. Usiihukumu kabla ya miezi sita. Ukiona miguu inavimba au moyo unaenda mbio, simamisha na urudi kwa daktari, na kama unameza vidonge vya shinikizo hakikisha anajua.

Kuhusu udhu, dawa inahitaji takriban saa nne kichwani kabla ya kuoshwa. Paka mililita 1 baada ya Alfajiri, ambapo hutahitaji maji ya kichwani hadi karibu na Adhuhuri, kisha tena mara tu baada ya Isha, ili ikauke kabla hujalala. Ikifika kwenye mto ikiwa mbichi huhamia usoni, na huko nako huotesha. Paka kwenye ngozi, si juu ya nywele, kisha nawa mikono. Iwapo dawa kichwani inazuia maji kwa mujibu wa sharia, hilo ni la kumuuliza shekhe wako. Kwa upande wangu naweza kusema tu kwamba ni maji maji yenye alkoholi ambayo hukauka, na si mafuta mazito.