Kupoza maji ya kompyuta kwa friji ndogo?

Kaka, hiyo ya kupitisha mipira ya maji yanayopoza kompyuta ndani ya friji ndogo achana nayo, haitafika mbali. Friji imetengenezwa kutunza ubaridi, sio kupambana na kompyuta inayomwaga joto la wati 300 mfululizo, kompresa itanguruma bila kupumzika na maji yatapanda tu. Hata ukiweka ndoo ya lita 10, kwa wati hizo inapanda digrii 1 kila dakika 2 na kidogo, piga hesabu mwenyewe ukicheza gemu masaa mawili.

Kama umeamua kweli tafuta kiyoyozi kidogo cha dirishani, kile cha BTU 5000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinaondoa joto la wati 1400 na ushee, unaikunja koili ya baridi taratibu (usikate bomba, gesi itakimbia yote) unaizamisha kwenye ndoo yenye maji na kulanti (ile ya rejeta ya gari), pampu inazungusha mpaka kwenye prosesa, chipu kuu ya kompyuta.

Ila shida kubwa ni jasho. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu 70%, kitu chochote chini ya nyuzi 24 kinatoa jasho, kama glasi ya maji ya friji. Mimi nilishusha hadi 12 nikijiona fundi, kufungua nakuta matone yamejipanga nyuma ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ramu (kadi ya memori) moja ikaenda na maji. Sasa hivi themostati yangu iko 26, mipira nimeivisha sponji, na natest na pampu peke yake kwanza, kompyuta ikiwa imezimwa.