Picha zimepotea baada ya kusasisha tovuti? Usizipakie upya kwanza

Tovuti nyingi ninazozitunza hapa Dodoma ni za biashara ndogo: nyumba za wageni za Area D, wauza mafuta ya alizeti, wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Kwa mkulima wa zabibu picha ndiyo duka lenyewe, maana mnunuzi wa Dar es Salaam hapigi simu kabla hajakiona kichala. Ndiyo maana WordPress, programu inayoendesha tovuti hizi, ikisasishwa katikati ya mavuno na picha zikageuka viboksi vitupu, simu huita alfajiri: "Mwanangu, zabibu zangu zimeenda wapi?"

Mara nyingi hazijaenda popote. Ziko kwenye seva, ndani ya folda ya wp-content/uploads, zimepangwa kwa mwaka na mwezi. Ukikimbilia kuzipakia upya utamaliza bando, utajaza seva nakala zenye majina kama zabibu-1.jpg, na kurasa za zamani zitabaki tupu kwa sababu bado zinaita anwani ileile ya mwanzo.

Anza na picha moja tu. Ifungue peke yake kwenye tabo mpya, au bonyeza F12 uangalie sehemu ya mtandao, usome namba ambayo seva inajibu.

Ukipata 403, faili lipo ila seva imekataa kulitoa. Angalia ruhusa, yaani namba zinazosema nani asome na nani aandike: kwa kawaida folda huwa 755 na mafaili 644. Tafadhali usiweke 777 kama wengi wanavyoshauriana. Hapo unampa kila mtu kwenye seva hiyo nafasi ya kuandika ndani ya folda yako.

404, yaani seva haikukuta kitu kwenye anwani hiyo, ndiyo yenye mengi. Isome anwani herufi kwa herufi. Kama hosti, yaani kampuni inayokuhifadhia tovuti, wamekuhamishia seva ya Linux, Zabibu.JPG na zabibu.jpg ni mafaili mawili tofauti. Kama jina linaishia na vipimo, mfano zabibu-300x200.jpg, na picha kubwa ya asili inafunguka vizuri, basi kilichokosekana ni zile ndogo ambazo WordPress huzitengeneza yenyewe. Amri ya wp media regenerate, inayoandikwa kwenye WP-CLI (zana ya kuiamuru WordPress kwa maandishi), huzirudisha. Kabla ya kuiendesha hakikisha PHP (lugha inayoiendesha WordPress kwenye seva), kama nayo imebadilishwa, ina GD au Imagick, viongezo vya kushughulikia picha, maana bila kimojawapo hakuna kitakachotengenezwa.

Wakati mwingine anwani bado inaanza na http ilhali tovuti imeshahamia https, au ina jina la zamani la tovuti. Hapo tumia amri ya wp search-replace kubadilisha anwani ya zamani iwe mpya, kwanza ukiwa na --dry-run uone itagusa nini, na bakapu ya hifadhidata iwe mkononi. Kubadilisha maneno moja kwa moja ndani ya hifadhidata ni hatari: baadhi ya mipangilio huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake, na idadi ikipishana mipangilio hiyo haisomeki tena.

Ikija 200, yaani seva imelitoa faili, na picha inaonekana kwenye tabo yake lakini si kwenye ukurasa, faili halina kosa. Zima plagini (programu ndogo za nyongeza) moja baada ya nyingine, ukianza na zile za kuchelewesha picha mpaka msomaji azifikie. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 WordPress inafanya kazi hiyo yenyewe, kwa hiyo nyingi hutahitaji kuzirudisha.

Ukilazimika kuwaandikia watu wa hosti, wapelekee anwani ya picha moja, namba uliyoipata na toleo la PHP ulilohamia. Ukiandika tu kwamba picha hazionekani, watakujibu ufute kache, yaani nakala za muda za kurasa.