Kukusanya Mabango ya Gilda: Ushauri kwa Anayeanza na Filamu Moja

Mtu akiniuliza aanzie wapi kukusanya mabango ya zamani ya filamu za noir, yaani zile hadithi za uhalifu, tamaa na usaliti zilizopigwa kwa picha nyeusi na nyeupe huko Hollywood katika miaka ya 1940 na 1950, humshauri achague filamu moja aipendayo kwa dhati na ajifunze mabango yake yote kabla hajatoa fedha yoyote. Mimi nilichagua Gilda, filamu ya mwaka 1946 iliyoongozwa na Charles Vidor kwa ajili ya kampuni ya Columbia, ambamo Rita Hayworth, Glenn Ford na George Macready wamenaswa katika mapenzi na chuki ndani ya nyumba ya kamari mjini Buenos Aires. Mwenye mabango ya filamu ishirini tofauti hupata ukuta wa kupendeza, lakini mwenye kulinganisha matoleo ya filamu moja hupata jicho la kutambua, na jicho hilo ndilo litakalomlinda siku atakapokabidhiwa kitu cha bei kubwa na muuzaji mwenye maneno matamu.

Kazi ya kwanza ni kujua vipimo. Bango la kawaida la Marekani la wakati ule, lililotundikwa ndani ya fremu nje ya sinema, lilikuwa na inchi 27 kwa 41, sawa na takriban sentimita 69 kwa 104. Lilikuwapo pia la kulala la inchi 22 kwa 28, jembamba la inchi 14 kwa 36, kubwa la inchi 41 kwa 81 lililochapishwa kwa vipande, pamoja na kadi za ukumbini za inchi 11 kwa 14 ambazo kwa kawaida zilitolewa nane kwa seti moja. Nakala nyingi za kisasa huwa na inchi 24 kwa 36, kwa hiyo tepu ya kupimia huondoa shaka nyingi hata kabla ya kuwasha taa. Kumbuka tu kwamba bango halisi huweza kukatwa kingo na mmiliki wa zamani, na upungufu wa sentimita chache peke yake hautoshi kulihukumu.

Baada ya vipimo, soma maandishi madogo ya ukingo wa chini. Kuanzia miaka ya 1940 usambazaji wa mabango ya Marekani ulizidi kushikwa na kampuni iitwayo National Screen Service, ambayo iliyakodisha kwa sinema na kuandika juu yake kwamba ni mali yake na yarudishwe mara tu maonyesho yanapokwisha. Mengi yana namba inayoanza na tarakimu mbili za mwaka, na filamu iliporudishwa sinemani miaka kadhaa baadaye, namba hiyo mara nyingi ilitanguliwa na herufi R. Kampuni za filamu hazikujiunga na mpango huo kwa wakati mmoja, hivyo kukosekana kwa namba si ushahidi wa ughushi, lakini herufi R kwenye bango linalouzwa kama toleo la kwanza ni sababu ya kutosha ya kufunga mazungumzo. Tazama pia mikunjo. Hadi miaka ya 1980 mabango ya karatasi nyepesi yalikunjwa kabla ya kusambazwa, na bango la mwaka 1946 lisilo na hata alama ya mkunjo linadai maelezo mazuri sana kutoka kwa mwenye nalo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kioo cha kukuzia. Katika bango la asili, herufi kubwa za jina la filamu zilichapishwa kwa wino uliojaa, rangi moja kwa bamba lake la uchapaji, na ukiziangalia kwa karibu utaona uso mmoja wa rangi wenye kingo zilizokatika vizuri. Nakala iliyotengenezwa kwa kulipiga picha bango la zamani hubadilisha kila kitu kuwa vidoti vya rangi nne, hata herufi zenyewe, na kingo zake huonekana zimechakaa. Mara nyingine mikunjo na michubuko ya bango lililopigwa picha huonekana kama sehemu ya uchapaji, ilhali karatasi yenyewe ni laini kabisa chini ya kidole. Taa ya urujuanimno husaidia pia, kwa sababu karatasi nyingi za baadaye zina kemikali za kung'arisha zinazotoa mwanga wa buluu, wakati karatasi ya miaka ya 1940 hubaki imefifia.

Utajiri wa kweli wa kazi hii, kwa maoni yangu, uko nje ya Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili filamu za Hollywood zilifungiwa milango katika sehemu kubwa ya Ulaya, na vita vilipokwisha zikaingia kwa wingi, nyingine zikiwa zimechelewa miaka kadhaa. Ndiyo maana toleo la kwanza la Italia au Ufaransa hupimwa kwa tarehe ya filamu kufika huko, wala si kwa tarehe ya kuonyeshwa kwanza New York. Huko walikuwapo wachoraji wa fani hiyo, akina Anselmo Ballester na Luigi Martinati nchini Italia na Boris Grinsson nchini Ufaransa, ambao hawakulazimika kunakili picha za studio. Bango mashuhuri la Marekani linamwonyesha Hayworth amesimama, sigara mkononi, na maneno yanayodai kwamba hapajapata kuwa na mwanamke kama Gilda. Liweke kando ya mabango ya Ulaya, nawe utaona jinsi kila msambazaji alivyojiuliza upya watu wake watavutwa na nini: uso, gauni, mwanamume mwenye kisu cha wivu, au jina la nyota peke yake.

Filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948, Ladri di biciclette, inatuonyesha pia kwa nini mabango hayo ni adimu, kwani mhusika wake mkuu yuko juu ya ngazi akilibandika ukutani bango la Rita Hayworth katika Gilda wakati baiskeli yake inapoibwa mitaani Roma. Bango lililopakwa gundi na kupigwa brashi hivyo halikuwa na safari ya kurudi. Yaliyosalia ni yale ambayo hayakubandikwa kamwe.

Kila nchi ina alama zake. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 29 Julai 1881 inataka jina la mchapaji lionekane kwenye kila chapisho, kwa hiyo litafute ukingoni. Mabango ya Ubelgiji ni madogo, yapata sentimita 36 kwa 55, mara nyingi yana Kifaransa na Kiflemi pamoja, na yale yaliyotumika hubeba stempu ya kodi. Katika duka moja la vitu vya kale mjini Brussels niliruhusiwa kuweka mawili sambamba: katika moja stempu ilikuwa imebandikwa na ukingo wake ulikwaruza kidole, katika la pili ilikuwa imechapishwa pamoja na picha, ishara kwamba ni nakala. Nilinunua la kwanza, na bado ndilo ninalolipenda zaidi.

Usikubali kuambiwa kwamba bango la nchi ilikotengenezwa filamu daima ndilo bora. Mwaka 2017 bango la Italia la filamu ya Casablanca, lililochorwa na Martinati mwaka 1946, liliuzwa kwa dola 478,000 katika mnada wa kampuni ya Heritage huko Dallas. Kumbukumbu za minada kama huo, zenye picha kubwa na bei za miaka iliyopita, ndizo shule yangu ya kila wiki.

Kuhusu ukarabati, kubandika bango juu ya turubai kukiwa na karatasi ya Kijapani katikati na gundi ya wanga wa ngano ni jambo la heshima, kwa kuwa maji yanaweza kulibandua tena, lakini bango lililogandishwa kwa joto juu ya ubao ni vigumu sana kulikomboa. Muuzaji aombwe picha ya upande wa nyuma na picha iliyopigwa kabla ya ukarabati, ili ujue ni kiasi gani cha uso wa Hayworth kilichorwa mwaka 1946 na ni kiasi gani kilipakwa juzi.